Juma Kuu na Mtoto Asiyejua Kiswahili

Jumamosi, kuamkia Matawi

Boti ilipoupita mnara wa taa wa Chumbe nilimwita mtoto juu, upepo ukimpiga usoni, nikamwonyesha mji. Ile minara miwili mirefu inayofanana ni ya Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yosefu, ambalo Waunguja wote, Waislamu kwa Wakristo, wanaliita Minara Miwili. Kule kulikozungushiwa mabati ni Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, tangu sehemu yake ilipoporomoka Desemba 2020. Kanisa tutakalosali sisi, la Kianglikana la Mkunazini, limejificha ndani ya mji na kutoka baharini linahitaji jicho la mwenyeji.

Mtoto ni binti wa mdogo wangu wa kiume. Ana miaka tisa, amezaliwa Toronto, na leo ndiyo mara yake ya kwanza kukanyaga Unguja. Kiswahili chake ni shikamoo, asante, na majina ya vyakula. Baba yake amebaki Dar es Salaam kwa shughuli, akanikabidhi mtoto kwa Juma Kuu lote.

Mwaka huu wa 2024 Juma Kuu limeingia ndani ya Ramadhani. Tulishuka Malindi saa sita mchana na mji umetulia, mikahawa imeshusha mapazia, hakuna anayekula njiani. Mama mdogo alitupokea kwake Kikwajuni, akamtengea mtoto wali na samaki chumbani na kuurudisha mlango, kwa heshima ya majirani. "Mwambie ale taratibu," alisema, "nani atamfukuza." Mtoto alielewa bila mimi kumwambia kitu.

Niandike kwa nini safari hii naijali. Baba yetu alikuwa karani wa ubalozi. Mwishoni mwa miaka ya sabini alipelekwa Addis Ababa, baadaye Stockholm, na sisi sote tukafuata. Mama, mzaliwa wa Mbweni, Mwanglikana wa kurithi, hakukubali Jumapili impite hivi hivi. Katika miji yote miwili palikuwa na kanisa la Kiingereza ambako mabalozi walikwenda, na baba alikwenda huko. Mama Kiingereza hakukijua. "Ikiwa zote ni lugha za wenyewe," alisema, "basi nitasali na watu wa mtaani kwangu." Akambeba mdogo wangu, akanishika mkono mimi, tukaenda. Ndivyo nilivyosali miaka yangu ya utoto, kwa lugha nisizozijua, na mpaka leo nikihesabu niliyopewa katika maisha, hilo limo miongoni mwa ya kwanza.

Jumapili ya Matawi, Mkunazini

Kabla ya Misa nilimkalisha kwenye ngazi nikamweleza tulipo, kwa sababu hata mtoto anastahili kujua amesimama juu ya nini. Hapa palikuwa soko la watumwa. Lilifungwa 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba kwa kushinikizwa na Waingereza, na Krismasi ya mwaka huo huo wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, wakaweka jiwe la msingi la kanisa. Sehemu ya kiwanja ilitolewa na Jairam Senji, tajiri wa Kihindu. Askofu Edward Steere alisimamia ujenzi wa mawe ya matumbawe, naye amezikwa nyuma ya altare. Mbele ya altare sakafuni kuna duara la marumaru nyeupe lenye ukingo mwekundu. Hapo ndipo inaposemwa palikuwa na mti wa kuchapia watumwa.

Aliuliza kama na watoto waliuzwa. Nikamwambia ndiyo, watoto wengi sana. Nikamwahidi kwamba Ijumaa nitampeleka Mbweni nimwonyeshe walikokwenda baadhi yao.

Misa ilianzia uwanjani. Watu walikuja na makuti ya minazi, wengine wameyasuka misalaba, wengine wameyaacha marefu yanachezacheza hewani. Bibi mmoja wa makamo, kanga zake doti moja, alimtazama mtoto kuanzia kichwani hadi viatuni, akachomoa kuti moja kwenye fungu lake akamtia mkononi. Hakuuliza ni wa nani. Tukaingia kwa maandamano, kwaya mbele, sisi katikati.

Nimejiwekea sharti: wakati wa ibada simtafsirii. Nitamweleza kabla, nitamweleza baada, akiniuliza nitamjibu yote ninayoyajua, lakini ndani ya Misa nanyamaza. Nina ushahidi wangu. Addis palikuwa na mke wa ofisa mmoja aliyefuatana nasi mara kadhaa, mwanamke mwema, aliyejifunza Kiamhara. Alininong'oneza sikioni kila alichokipata. Jumapili zile sikusikia ngoma, sikuona moshi wa uvumba unavyopanda, sikumtazama padri. Nilisikia sauti ya mama yule tu, na maneno yakifika nusu nusu, yamechelewa. Mama aliona. Jumapili iliyofuata alinihamishia upande wake mwingine, pasipo neno.

Kanisa letu la Addis lilikuwa Giyorgis, la Mtakatifu Georgi, lenye pembe nane, lililojengwa kukumbuka ushindi wa Adwa wa 1896. Haile Selassie alitawazwa humo 1930, ingawa tulipofika sisi nchi ilikuwa chini ya wanajeshi na jina lake lilitamkwa kwa sauti ya chini. Watu walibusu ukuta kabla ya kuingia. Walivua viatu. Wanawake walisimama upande wao, wanaume wao, wote wamejitanda shuka nyeupe nyepesi, na kwa kuwa ibada ilikuwa ya kusimama, wazee waliegemea fimbo ndefu zenye kichwa cha msalaba mlalo. Waimbaji walijipanga safu mbili zinazotazamana, wanayumba pamoja, mkono mmoja fimbo, mkono wa pili njuga za chuma, na katikati ngoma kubwa iliyovaliwa shingoni. Ilianza polepole mno. Baada ya muda mrefu ikakolea, na kifua changu kikaanza kugonga nayo.

Nilikuwa na miaka sita. Nilijua kila sehemu ya ibada ile kwa miguu yangu: hapa tunainama, hapa tunanyamaza, hapa wote wanageuka, hapa mama anafuta machozi.

Na Jumapili kama hii ya leo, waumini walisuka majani ya mtende wakayafanya pete, wakayavaa vidoleni na kuyafunga vipajini. Jirani yetu alinisukia pete. Mama alimuuliza siku hiyo, kwa Kiamhara chake cha sokoni, padri amesoma nini. Yule jirani akajibu kwa utulivu kabisa kwamba ibada ni ya Kigeez, lugha ya kale ambayo hakuna anayeizungumza nyumbani, na kwamba yeye mwenyewe anaifuata kwa kuizoea tangu tumboni mwa mama yake. Maneno yote hayajui. Mama alirudi nyumbani amechangamka kama aliyepata barua kutoka kwao. Kumbe katika umati ule mzima si sisi peke yetu tuliokuwa tunasali tusichokielewa neno kwa neno! Tangu siku hiyo hakusimama tena nyuma karibu na mlango. Alisogea mbele.

Jambo lingine lililomfurahisha mama ni saa. Wahabeshi wanahesabu saa kama sisi, saa moja ni jua limechomoza. Alisema nchi yenye saa zetu haiwezi kuwa ugenini sana.

Leo mtoto alisimama waliposimama wenzake, akapiga magoti sekunde moja nyuma yao. Kwenye mahubiri alichoka, ni kweli. Alihesabu nguzo, akasuka kuti lake, akamwegemea yule bibi badala ya kuniegemea mimi. Wakati wa amani alipeana mikono na safu mbili nzima.

Jumatatu, Kikwajuni

Mvua tangu alfajiri. Tulibaki ndani.

Mdogo wangu alipiga simu mchana. "Dada, kanisani usimlazimishe. Hataelewa kitu, atachoka. Ile simu ya zamani niliyomtilia begini mpe achezee nje, mpaka mtoke." Nikamwambia simu imezimwa na itabaki imezimwa. Alikuwa mgongoni kwa mama kule Addis, na Stockholm alikuwa anasinzia benchini, hakumbuki. Simlaumu. Lakini naona jambo hili katika familia nyingi sasa, mijini na ughaibuni: mtoto anaachwa nyumbani au barazani na kioo mkononi kwa sababu "haelewi lugha." Tunawanyima watoto kitu kikubwa kwa kuwahurumia. Nani kati yetu alielewa Misa akiwa na miaka minne, hata ya Kiswahili? Tulibebwa, tukawekwa katikati ya watu wazima wanaoimba, tukakua humo.

Jioni mama mdogo alituma sahani ya kaimati kwa jirani kabla ya adhana ya magharibi. Sahani ikarudi na tende na sambusa. Mtoto ndiye aliyekuwa tarishi.

Jumanne, Mkoani hadi Wete

Boti ya asubuhi kwenda Pemba. Mkondo ulitusumbua, watu wengi walitapika, mtoto alilala usingizi mzito mwanzo hadi mwisho.

Mkoani tulipanda gari hadi Chake Chake, vilima vikipanda na kushuka, mikarafuu imeng'aa kwa mvua. Pemba hainichoshi kuitazama. Kabla ya Chake nilimweleza mtoto habari ya Banani. Mwishoni mwa miaka ya 1890, utumwa ulipofutwa kisheria visiwani, 1897, Waingereza wa dhehebu la Kweka walifika Pemba kuwasaidia walioachiwa huru, wakaweka misheni yao Banani. Kwao Uingereza hawa hawana padri, hawana altare, hawana kitabu cha ibada. Huketi kimya pamoja, hata saa nzima, mpaka mmoja wao apate la kusema. Na asipopata yeyote, wanainuka na kwenda zao. Mtoto aliuliza kama watu hawasinzii. Nadhani wapo wanaosinzia. Lakini nimewaza njia nzima: katika ibada ya namna hiyo mgeni na mwenyeji wanaanza sawa.

Tumefika Wete alasiri. Mwenyeji wetu ni binamu yangu, aliyeolewa na Mpemba miaka mingi iliyopita na amesilimu. Yeye na mumewe na watoto wote wamefunga. Tumefuturu nao: uji wa pilipili manga, muhogo wa nazi, pweza. Mtoto alisubiri adhana pamoja na wenzake, mkono juu ya tende, haigusi.

Jumatano, Wete

Leo nimejifunza nilichokuwa nakijua tangu utotoni bila kukitazama.

Asubuhi wajukuu wa binamu yangu walikwenda chuoni, na mtoto wetu akafuatana nao mpaka barazani, mimi nyuma yake. Watoto kiasi cha darasa moja wamekaa mkekani, misahafu na juzuu kwenye marufaa, kila mmoja anasoma sura yake kwa sauti, wakubwa wanawasahihisha wadogo, mwalimu anasikiliza wote kwa pamoja na kumkamata yule aliyeteleza. Kijana wa umri wa mtoto wetu alikuwa anamalizia juzuu ya Amma. Alikuwa anaisoma kwa kichwa, macho amefumba, anayumba kidogo mbele na nyuma. Binamu yangu aliniambia kwamba maana atafundishwa baadaye. Kwanza aipate vizuri mdomoni. Mumewe mwenyewe alihifadhi hivyo, na baba wa mumewe.

Mtoto wetu alikaa chini penye viatu. Hakuna aliyemwambia aondoke. Mwalimu alimwangalia mara moja, akamsogezea ncha ya mkeka.

Basi hapa visiwani mtoto kusali kwa lugha asiyoizungumza nyumbani si ajabu hata kidogo. Kila nyumba ya jirani zetu ina mtoto aliyeanza hivyo. Ajabu ni sisi tuliokwenda mbali tukaanza kudhani kwamba mtoto asipopata tafsiri hapati kitu. Nilipomwambia binamu yangu maneno ya mdogo wangu kuhusu simu, alishika shavu. "Sasa huyo mtoto ataizoea nyumba ya Mungu kwa kukaa nje?"

Usiku, baada ya isha, watu walikwenda tarawehe. Mimi na mtoto tulibaki barazani na Kitabu cha Sala, tukasali sala ya jioni ya Jumatano Kuu wenyewe, mimi nasoma kwa Kiswahili, yeye ananifuatia kipande kimoja anachokijua sasa. Msikitini imamu akisoma, sauti ikija na upepo. Yeye hakujua lugha ya upande wowote. Alikaa ametulia kati ya sala mbili.

Nikamsimulia Stockholm, na kwa kuwa usingizi haukumjia, nilisimulia sana.

Tulifika Uswidi Novemba, jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Kanisa la mtaani kwetu lilikuwa tupu kuliko makanisa yote niliyowahi kuyaona. Addis tulibanana, hapa ungeweza kulala benchi zima. Hakuna ngoma, hakuna uvumba, watu wamekaa mbalimbali na makoti yao, na kinanda kinajaza kanisa peke yake. Mama alikaa kimya wiki za mwanzo. Nilidhani safari hii tumepotea.

Kilichoniokoa mimi ni ubao. Ukutani, karibu na mimbari, palikuwa na ubao wenye namba tupu, tano au sita, zimepangwa kwenda chini. Ni namba za nyimbo za siku hiyo. Namba nilizijua! Nilichukua kitabu, nikafungua namba ya juu kabisa, na kinanda kilipoanza, bibi aliyekaa benchi la mbele aligeuka nyuma, akaona nimepata ukurasa. Akahama. Akaja kukaa na sisi, akaweka kidole chake chini ya mstari wa kwanza, kidole kikawa kinatembea na wimbo. Nilimfuata kidole. Sikuwa najua ninachoimba, nilikuwa najua tulipo. Kila Jumapili baada ya hapo alikaa nasi. Ibada ikiisha, watu wote wakienda chumba cha pembeni kunywa kahawa, alinipa mimi maji matamu ya matunda na keki ya mdalasini, na kwa mama alimimina kahawa kikombe cha pili bila kuulizwa. Wao wawili hawakuwa na lugha moja. Walikuwa wanaketi.

Majira ya pili ya baridi nilikuwa naimba naye nyimbo nzima.

Sikukuu tulikwenda kanisa kuu la mji mkongwe, Storkyrkan. Nilipoingia mara ya kwanza nilimvuta mama kanga iliyokuwa ndani ya koti lake, nikamwonyesha. Mbele yetu amesimama Georgi! Yule yule wa Addis, juu ya farasi, upanga hewani, joka chini. Kule nilimjua kwa picha za rangi zenye macho makubwa. Hapa alikuwa sanamu ya mti wa mwaloni, kubwa kuliko nyumba yetu ya Mbweni machoni pangu, la tangu 1489, na miiba ya joka imetengenezwa kwa pembe halisi za mnyama wao wa msituni, aina ya paa mkubwa. Nilimwambia mama, "Huyu tunamjua." Na mama, aliyekuwa mgumu wa kucheka kule baridini, alicheka. Padri alihubiri muda mrefu siku ile. Mimi nilikaa na Georgi wangu, nikimlinganisha na yule mwingine, farasi kwa farasi, na ninaweza kusema kwa hakika kwamba nilikuwa nasali.

Mtoto aliuliza kama Zanzibar naye yupo. Nikamwambia tutazame.

Alhamisi Kuu

Kurudi Unguja, bahari imetulia. Mkunazini jioni, padri alivua vazi la juu, akafunga taulo kiunoni, akapiga magoti mbele ya watu kumi na wawili akawatawadha miguu. Mmojawapo mvuvi mzee mwenye nyayo zilizopasuka. Hapa hapahitaji mkalimani wa aina yoyote. Mtoto alisimama juu ya benchi ili aone, na mimi nikamwacha asimame.

Ijumaa Kuu, Mbweni

Asubuhi tulisimama kwanza kwenye ukumbusho wa watumwa, pembeni ya kanisa la Mkunazini: sanamu za watu watano ndani ya shimo, minyororo ya kweli shingoni. Mchongaji wake ni Clara Sörnäs, Mswidi, nao uliwekwa 1998. Nilipolisikia jina lile miaka ile, na nchi aliyotoka, nilimkumbuka bibi wa kidole.

Kisha Mbweni. Kanisa la Mtakatifu Yohana ni dogo, la matumbawe, liliwekwa wakfu 1882, na makaburi yamelizunguka chini ya miti. Hapa UMCA iliwapa makazi watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Manowari za Kiingereza zilipolikamata jahazi, watu wakashushwa Unguja, na watoto wasio na wazazi wakagawiwa misheni: wavulana Kiungani, wasichana Mbweni, ambako Caroline Thackeray aliongoza skuli yao kwa miaka mingi. Magofu ya skuli yangali yapo, karibu na bahari.

Bibi yake mama alikuwa mmoja wa wasichana hao. Alichukuliwa upande wa Nyasa, akiwa mdogo kiasi cha kutokukumbuka kijiji, akatembezwa hadi pwani, akapakiwa. Mama alinisimulia alivyosimuliwa: siku ya kwanza aliyoingizwa kanisani, yule mtoto hakujua Kiswahili, hakujua Kiingereza, na wenziwe ubavuni walikuwa Wayao, Wamakua, Wazigua, kila mmoja na lugha yake, wengine hawana hata mmoja wa kuongea naye. Mbele amesimama Mzungu anasoma Kiswahili alichojifunza ukubwani. Kiswahili kile cha ibada, ambacho leo mimi nakiona changu na cha mababu, kilikuwa lugha ya kigeni kwa kila mtu aliyekuwamo mle ndani, anayesoma na anayesomewa.

Na humo ndimo lilimotoka kanisa letu. Askofu Tozer na Steere walipofika 1864, Sultani Majid aliwapa wavulana watano waliotekwa kutoka jahazi. Mmoja wao, John Swedi, alifanywa shemasi 1879. Cecil Majaliwa, Myao, mtumwa aliyekombolewa na kulelewa Kiungani, alipewa upadri 1890, Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kuupata. Watoto ambao siku ya kwanza hawakuelewa neno.

Nilimsimulia mtoto hayo tukiwa tumekaa kwenye ukingo wa kaburi la bibi yake mama. Akafikiri. Akauliza, "Shangazi, nani alikaa naye?"

Sikuwa na jina la kumpa. Lakini mtu alikaa naye, hilo nina hakika nalo, kwa sababu alibaki, akaolewa hapa, akazaa hapa, akamfundisha mama kusali. Lazima palikuwa na msichana mkubwa kidogo aliyemvuta mkono wakati wa kupiga magoti.

Ibada ya saa tisa. Kanisa lilijaa, joto limezidi, madirisha wazi. Tulikwenda mmoja mmoja kuubusu msalaba. Addis Ijumaa kama hii watu walianguka kifudifudi na kuinuka, kuanguka na kuinuka, mamia ya mara, tangu asubuhi hadi alasiri, wazee kwa vijana, hawajala kitu. Mama alikuwa anainama nao mpaka magoti yanakataa, mimi pembeni naanguka na kuinuka kwa furaha ya mtoto. Usiku ule alinipaka mafuta ya nazi magotini akaniambia nimefanya vizuri.

Leo mtoto alipofika mbele ya msalaba alipiga magoti yote mawili, akabusu, akakaa pale kidogo kuzidi wengine. Foleni ikasubiri. Hakuna aliyemharakisha.

Jumamosi Kuu

Mchana tulipumzika. Usiku mkesha: moto nje, mshumaa wa Pasaka, mwanga ukipokezanwa mkono kwa mkono hadi kanisa lote limewaka. Masomo mengi, marefu. Mtoto alilala mapajani mwangu katikati ya somo la bahari ya Shamu na akaamka kwenye kengele za Gloria. Hata kulala kanisani ni sehemu ya malezi, namaanisha kabisa. Mimi nimelala katika Kigeez na katika Kiswidi.

Tulirudi Kikwajuni usiku mwingi. Baadaye wapiga ngoma wa daku walipita kichochoroni kuamsha watu.

Pasaka, Mkunazini

Mdogo wangu alifika kwa boti ya asubuhi, akaingia Misa imeshaanza, akasimama mlangoni anatutafuta. Sisi tulikuwa mbele, mtoto amekaa kati yangu na yule bibi wa kanga, ambaye alikuwa amemwekea nafasi. Ilipofika "Inueni mioyo," mtoto alijibu pamoja na watu, "Tumeiinua kwa Bwana," kwa sauti kubwa na lafudhi ya Toronto. Nilimwona baba yake anashika nguzo.

Mchana pilau. Sahani tatu zilikwenda kwa majirani, zifunikwe mpaka magharibi.

Tulipomaliza kula alimuuliza binti yake wiki ilikuwaje, padri alisema nini. Mtoto hakuhadithia alichosema padri. Alihadithia nani alimpa kuti, miguu ya mvuvi, kijana wa Wete anayesoma amefumba macho, msalaba ulivyokuwa na chumvi ya jasho la watu, na Georgi wa Shangazi, ambaye ametafutwa Unguja nzima na hajaonekana. Baba yake alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia taratibu kwamba kule Toronto, njiani kwenda sokoni kila Jumapili, wanapita kanisa la Wahabeshi, watu wamejitanda nyeupe hadi barabarani, na hajawahi kusimamisha gari.

Tukachukua kalamu. Nimemwandikia: mwende asubuhi mapema, wanaanza kabla hamjaamka. Msile kwanza. Mvue viatu mlangoni, soksi ziwe safi. Mtoto ajifunike kichwa kwa kitambaa cheupe, asimame upande wa wanawake. Wewe utakuwa upande mwingine, kwa hiyo mtafutie mama mtu mzima umwoneshe mtoto, umwamkie kwa mkono kifuani, atajua la kufanya. Mtachoka miguu. Msitoke ngoma inapoanza polepole. Na ukutani, muangalie kama yupo.